Mji Uliotosha Miguu ya Mtu Mmoja

Asubuhi hiyo mji ulikuwa mdogo kuliko jana. Sikudhani alilijua hilo kabla hajafumbua macho, kwa sababu jogoo wa Mtaa wa Wafua Bati hakusikika, na jogoo yule alikuwa na kelele za kuwaudhi hata waliokwisha kufa. Alijinyoosha kitandani, akalisugua goti lake la kushoto kwa mafuta ya karafuu, akajisemea kwamba labda jogoo amechinjwa. Kisha akaona aibu. Mtu wa kazi yake hana ruhusa ya kujidanganya kirahisi namna hiyo. Mtaa wa Wafua Bati ulikuwa umeingia ukunguni, na aliyeuingiza ni yeye, au tuseme ni goti lake.

Inafaa nieleze mambo yalivyokuwa huko, maana sisi wa huku tumezoea miji inayokaa mahali pake hata tukiisahau. Mji ule ulidumu kwa kutajwa. Kila alfajiri mpiga mbiu alitoka na pembe yake, akaupita mlango kwa mlango, na alichokiona akakitangaza kwa neno lilelile la kuanzia: Nimeona. Nimeona maji yapo kisimani. Nimeona ukuta wa msikiti umesimama. Nimeona mtoto amezaliwa, ana hasira. Kilichotajwa kiliendelea kuwapo. Kisichotajwa kilishukiwa na ukungu, polepole, bila ukatili wowote, jinsi vumbi linavyoshukia chumba cha mgeni asiyerudi. Hata siku yenyewe haikuanza mpaka itangazwe. Watu walisimama vizingitini wameshika mifagio, jana ikiwa bado imewakalia mabegani, wakingoja kuambiwa kwamba sasa ni leo.

Kiapo cha wapiga mbiu kilikuwa kifupi: usiseme usichokiona kwa macho yako mwenyewe. Cha shangazi yako usikiseme, cha mumeo usikiseme, hata cha mtu mwaminifu kuliko wote. Kiapo kizuri. Kiliuepusha mji na uzushi kwa miaka ambayo hakuna awezaye kuihesabu, kwa kuwa waliokuwa wakiihesabu hawakutajwa. Ila kilikuwa na kasoro moja ambayo haikumpitia mtu akilini, kwa sababu wapiga mbiu wote waliotangulia walikufa na magoti yao mazima. Upana wa mji ulikuwa sawasawa na mwendo wa mtu mmoja. Siku mtu huyo atakapochechemea, mji nao utachechemea.

Kwanza zilikwenda Nyanda za Chumvi, na kwa kuwa hazikuwa na wakazi wengi hakuna aliyelia sana. Kisha yakaenda makaburi, watu wakanung'unika kwamba wamekosa pa kuzuru. Kisha kikaenda Kisima Kikavu, mtaa wa watia rangi vitambaa, alikokuwa akiishi Tunu.

Tunu alikuwa mdogo wake Sikudhani, wa kuachiana ziwa. Walifanana hata mama yao alikuwa akimchapa asiyehusika, kisha akakataa kuomba radhi akidai kwamba wataishia kulipana wenyewe. Mara ya mwisho kuonana, Tunu alikuwa na mikono ya buluu hadi kwenye viwiko, akamwambia dada yake, "Ukija tena njoo na kanga nyeupe nikutilie rangi." Sikudhani akasema atakuja keshokutwa. Keshokutwa goti likavimba. Siku iliyofuata likavimba zaidi. Alipoweza tena kusimama, barabara ya Kisima Kikavu iliishia kwenye weupe, na weupe ule ulikuwa baridi, haukuwa na upande wa pili.

Tangu hapo kioo kilianza kumfanyia visa. Alipojitazama alikuta kitu kimepungua, leo pua, kesho ukingo wa kidevu. Sura ya Tunu alikuwa akiikumbuka kwa kuitazama yake, na sasa yake yenyewe ilikuwa ikimponyoka. Hofu yake ilikuwa hiyo, na kifo hakikuwemo. Alihofia kwamba ipo asubuhi atakayoamka asikumbuke kama aliwahi kuwa na mdogo wake, na hataumia, kwa kuwa hatakuwepo wa kumuumiza.

Kama sijamwona, yupo?

Kama yupo na simtaji, mimi ni nani wake?

Na mimi je. Nawataja wote. Mpiga mbiu hajitaji, ni mwiko. Basi mimi ananitaja nani?

*

Aliyekuja kuvuruga mambo ni Vuai, fundi wa mapaa, mtu mzima mwenye ndevu za upande mmoja, upande wa pili ukiwa umeunguzwa na lami zamani. Maisha yake yote aliyapitisha juu, akiwatazama watu utosi. Alibisha hodi akiwa bado na nyundo kiunoni.

"Shikamoo, Bi Sikudhani."

"Marahaba. Paa langu halivuji."

"Sikuja kwa paa. Nilikuwa ukingoni, naziba bati la nyumba ya mwisho. Nimemsikia mtu ndani ya ukungu."

"Umemsikia. Hukumwona."

"Sikumwona. Ana mbuzi."

"Mbuzi umemwona?"

"Mama, kama mwenyewe sikumwona, mbuzi wake nitamwonaje? Amesema anaye. Na mbuzi mwenyewe akalia." Vuai alikuna lile shavu lisilo na ndevu. "Sasa sikiliza. Nilipompigia jirani kelele kumwambia kuna mtu na mbuzi, ukungu ukafunguka kidogo. Nikaona pembe. Pembe tu, zimetundikwa kwenye weupe, hazina mwenyewe. Ila zilikuwa pembe."

Sikudhani alikaa kitako. Kitu kilichomjaa kifuani hakikuwa furaha, na hakujisifia kwa hilo baadaye. Ilikuwa hasira, ile inayompata mtu anapokuta wengine jikoni kwake wamefunua vyungu. Pembe yake ya mbiu ilikuwa ukutani, imelainika mahali midomo ya wapiga mbiu ilipopagusa, kizazi baada ya kizazi. Na huyu fundi mabati alitumia mdomo mtupu.

"Vuai, nikuulize. Mtu mmoja akikosea, mnajua mlango wa kwenda kumlaumu. Wakikosea wote, mtabisha hodi wapi?"

"Hapo umenipata," alisema Vuai. Kisha akaongeza kwa upole, "Na mtu mmoja akiumwa goti?"

Nje, majirani walikuwa bado wameshika mifagio, wakingoja leo. Sikudhani alizisikia fimbo za mifagio zikigusa sakafu, akafikiria Kisima Kikavu, akafikiria mikono ya buluu.

"Mtu wako wa mbuzi," alisema hatimaye, "anaweza kumuuliza aliye nyuma yake?"

*

Basi Vuai alizunguka akiwaomba watu wapande juu ya mapaa yao. Alizunguka siku nzima, kama ilikuwa siku, haikutangazwa. Wakapanda wakaanga mihogo na mafuta bado mikononi, akapanda mwalimu wa madrasa aliyeogopa mahali pa juu akawa ameshikilia bomba la maji kama amefungwa nalo, akapanda Bi Mashavu mfua nguo, ambaye hakualikwa na mtu, wala hakuwepo wa kuthubutu kumteremsha. Sikudhani alibaki chini uwanjani, goti likiwa limefungwa kitambaa, pembe mapajani.

Swali likatumwa: Vipi huko? Kila paa lililipokea na kulisukuma kwa paa la mbele, hadi ukingoni, hadi ndani ya ukungu, ambako kumbe kulikuwa na mapaa mengine, na juu yake watu wengine waliokuwa na hamu ya kuulizwa. Kisha majibu yakaanza kurudi.

Salama.

Salama.

Kwetu salama, sijui kwenu.

Salama kabisa.

Mji ukashangilia. Watu walikumbatiana juu ya mabati, bati moja likapasuka, Vuai akasema hilo atalitengeneza bure. Sikudhani naye moyo ulimruka, maana katika salama zote hizo lazima mojawapo ilikuwa ya Tunu. Alinyanyuka kwa kuegemea pembe, akaenda kuutazama ukungu.

Haukuwa umesogea hata kidogo. Ulikuwa mzito zaidi, tena mtamu, una harufu ya maziwa yaliyochemshwa, na watu waliosimama karibu nao walikuwa wakisinzia kwa raha.

"Hauondoki," alisema Vuai aliposhuka. Uso ulikuwa umemsawijika. "Na wote wamejibu, mama. Wote, hakuna aliyekataa."

Msomaji aliyelelewa vizuri ameshajua kilichotokea. Mtu wa watu hajibu swali la kwanza kwa shida zake. Anayeunguliwa nyumba atasema salama, atauliza watoto hawajambo, atauliza yule mdogo kikohozi kimepona, kisha ndipo aombe ndoo. Huwezi kuuita uongo. Anakutengea pa kukaa kwanza, asikutwishe mzigo ungali umesimama. Lakini ukiwauliza watu wengi kwa mara moja, ukachukua jibu la kwanza la kila mmoja ukaondoka nalo mbio, utarudi na adabu ya mji mzima, na mji wenyewe hutakuwa nao.

Sikudhani alisimama pale akitazama weupe, na kitu kikaanza kumfungukia taratibu. Alijiona akiwa msichana, siku za kwanza za kazi, nyuma ya mpiga mbiu aliyemfundisha. Alijiona kwenye milango yote aliyowahi kuisimamia. Alikuwa akisalimu, akipewa salama yake, kisha anasimama tu. Anairekebisha kanga. Anatazama ndege kama aliyesahau alikokuwa akienda. Na mwenye nyumba, baada ya kimya kurefuka, alikuwa akishusha pumzi na kusema: Ila.

Ila mume wangu hajarudi. Ila ukuta wa nyuma umeingia ufa. Ila mtoto haongei tangu juzi.

Hapo ndipo alipozunguka nyuma kwenda kuuona ufa kwa macho yake. Macho yalifuata. Umri wote huo aliamini kwamba kazi yake ni jicho na pembe, na kwamba kule kusimama mlangoni ni kupumzika. Alicheka peke yake, kicheko cha mtu aliyetafuta miwani nyumba nzima akaikuta usoni.

"Mmeuliza, mkaondoka," alimwambia Vuai.

"Tumeuliza, wakajibu."

"Wamewaitikia salamu. Sasa rudini mkaulize, na wakisema salama, mkae."

"Tukae tukifanya nini?"

"Hakuna. Kohoa ukitaka. Usiondoke tu."

*

Wakakaa.

Ilikuwa kazi ngumu kuliko kupiga kelele. Juu ya mapaa watu walijikuna, walitazama kucha, mwalimu wa madrasa alifumba macho akilikumbatia bomba lake. Kimya kilitandazwa kutoka nyumba hadi nyumba. Kisha, kutoka mbali, sauti ya mwanamume ikasema kwa shingo upande: ila ngazi yangu imekatika, nimekaa hapa juu tangu lini sijui. Maneno yakapokewa yakasukumwa, na palepale kwenye ukungu pakatoboka tundu, na ndani ya tundu ikaonekana ngazi iliyokatika, na juu yake mwanamume amekaa na mbuzi.

Baada ya hapo zilikuja ila nyingi. Ila kisima chetu kimefukiwa na majani. Ila kuna harusi na hatuna wa kumwambia. Ila mimi hapa sina cha kusema, nilitaka tu kusikika. Hata hiyo ya mwisho ilifungua tundu, dogo, likatokea dirisha na mkono unaopunga. Mji haukurudi kama pazia linavyovutwa. Ulirudi viraka viraka, hapa mlango usio na nyumba, pale mti wenye nusu ya majani, na katikati ya viraka weupe ukabaki, mwembamba, ukingoja wa kuusemea.

Watu wakagombana vilevile. Mmoja alisema ukuta wa soko la zamani ni mwekundu, wa pili akasema ni wa kijani, wakaitana vipofu, na Vuai akataka kuzitupa kauli zote mbili. Sikudhani akamzuia. "Muulize kila mmoja amesimama wapi," alisema. Mmoja alikuwa mashariki yake, mwingine magharibi. Ukuta ulikuwa na pande mbili, jambo ambalo wapiga mbiu wote hawakuwahi kulitangaza, kwa sababu siku zote walipita upande mmoja. Ugomvi huo ndio uliofungua tundu kubwa kuliko yote. Na alipotokea mtu wa kusema mbele ya mlango wake pana kasri la dhahabu, jirani yake alicheka hadi akakohoa, na ukungu haukujali.

Hapo Sikudhani aliwaza kwa muda mrefu, au muda ulimwacha awaze, maana siku hiyo saa zilikuwa zikija upande wowote zitakao. Hakuna hata mmoja aliyeuona mji. Yule aliona ngazi, huyu ukuta, wa tatu majani kisimani. Kila mtu alishika kipande kidogo hata ukikitazama peke yake hujui ni cha nini, na yeye mwenyewe hajui kinaungana na kipi. Na mji ukaonekana. Basi aliyeuona ni nani? Zamani jibu lilikuwa na jina na goti. Sasa jibu limekaa kwenye nafasi kati ya paa na paa, mahali asipoishi mtu. Hilo lilimtisha, na chini ya hofu akahisi kitu kingine kinachofanana sana na kupumzika.

Si wote waliofurahi. Kila nyumba ilizoea kumtengea mpiga mbiu sahani, na Bi Mashavu, ambaye koo lilikuwa limekauka kwa kupokezana ila za watu, aliita kutoka juu: "Nauliza tu. Kama sote tunapiga mbiu, sahani ya mpiga mbiu anakula nani?" Swali zuri. Wakaamua sahani ipitishwe paa kwa paa kila anayesema amege. Ilifika mapaa ya mbali ikiwa na mifupa. Bi Mashavu alilipiga kelele jambo hilo hadi sahani zikaongezwa, na bado hazitoshi, na bado analipigia kelele. Nami namuunga mkono. Mji unaoonekana kwa macho ya watu una deni la kuwalisha watu hao.

*

Kisha ikabidi itangazwe leo.

Watu walimgeukia Sikudhani. Vipande vilikuwa vimeshapatikana, lakini bado jana ilikuwa mabegani mwao, na aliyejua kuishusha ni mmoja. Aliinua pembe, akapuliza. Kisha akafungua mdomo, na neno la kuanzia likamkwama. Nimeona. Alikuwa hajaona. Ngazi hakuiona, wala harusi, wala upande wa kijani wa ukuta. Akisema Nimeona atakuwa mwongo. Asiposema, vyote vitarudi kwenye maziwa. Alihisi mpiga mbiu aliyemfundisha amesimama nyuma yake, na nyuma ya huyo mwingine, foleni ndefu ya watu wenye magoti mazima, wote wanamtazama.

"Tumeona," alisema.

Sauti ilimtoka nyembamba, ya mtoto anayesoma mbele ya darasa. Hakuna radi iliyopiga. Waliokuwa vizingitini wakaishusha mifagio, wakaanza kufagia. Ilikuwa leo.

Ndipo akamwita Vuai. Aliona haya kulisema, kwa sababu mpiga mbiu haombi lake, ila mpiga mbiu wa namna hiyo alikuwa ameshakwisha dakika ile. "Nina swali la Kisima Kikavu," alisema. "Kuna mtia rangi anaitwa Tunu. Muulizeni vipi huko."

Swali likaondoka. Alilifuata kwa masikio hadi likawa dogo, hadi likaisha. Uwanja mzima ulijua sasa linalomsumbua, na hakuna aliyeshuka kwenye paa lake. Jibu lilirudi likiwa limebadili midomo mingi, limeokota mtetemo wa huyu na kikohozi cha yule, likafika kwa Vuai.

"Amesema salama."

Yupo. Mtu asiyekuwepo hana adabu hiyo. Lakini akaukaza mkono wake kwenye pembe, na Vuai akaelewa, akaketi. Mji wote ukasubiri. Hata mbuzi alisubiri. Na kutoka Kisima Kikavu, paa kwa paa, kwa sauti za watu ambao hawakuwa wamewahi kuonana, likaja lililobaki.

"Amesema, ila nina dada," alisema Vuai polepole, akisikiliza huku anasema. "Amesema, huku kwetu ukungu uliishukia njia ya mjini, ukameza uwanja, ukammeza na yeye. Tunaambiwa hakuna kitu huko mnakotuulizia. Kila siku naisema sura yake nikitazama kwenye maji ya rangi, isinipotee. Amesema, huyo anayeuliza ni nani? Yupo kweli? Vipi huko?"

Sikudhani alijigusa pua. Ilikuwapo. Akajigusa kidevu, nacho kipo. Kumbe muda wote aliouhurumia mtaa uliomezwa, huko nako palikuwa na mtu anamhurumia yeye, akimlinda kwa kumtaja, akiwa na mikono ya buluu. Machozi yalimtoka bila ruhusa, akayaacha.

Juu, watu waliinama ukingoni mwa mapaa wakingoja walipeleke jibu lake. Mwalimu wa madrasa alikuwa ameliachia bomba.

"Salama," alisema Sikudhani, maana naye alilelewa vizuri.

Hakuna aliyelipeleka neno hilo. Vuai alikunja miguu akatazama ndege. Bi Mashavu alirekebisha kanga yake, taratibu, kama aliyesahau alikokuwa akienda. Kimya kikatanda hadi mwisho wa mji, na mji sasa ulikuwa mkubwa.

"Ila," alisema Sikudhani, na juu ya mapaa yote watu wakajiweka sawa kumpokea.